Kumchagulia Mtoto Shule: Kijitabu cha Wazazi na Walezi wa Morogoro na Milima ya Uluguru

Kwa nini kijitabu hiki

Kila Desemba, TAMISEMI ikishatangaza majina ya waliochaguliwa kuingia kidato cha kwanza, simu huita bila kupumzika kuanzia Kihonda mpaka Nyandira. Huyu amepangiwa shule ya kata iliyo jirani, yule amepata bweni mkoa wa mbali, wa tatu jina lake limeonekana kwenye orodha ya Mzumbe na ukoo mzima unapiga vigelegele. Baba anataka shule ya binafsi ya mjini. Mama anapiga hesabu ya ada. Mjomba, ambaye kwa mila za Waluguru ana neno zito juu ya watoto wa dada yake, naye anasubiriwa aseme lake.

Kikao hicho cha familia ni kitu chema, ila mara nyingi huitishwa wakati mengi yamekwisha amuliwa. Yaliamuliwa na miaka ya darasani iliyotangulia, na lugha ambayo mtoto alisomea, na umbali aliokuwa akitembea kila asubuhi, na zaidi ya yote na jambo moja: kama alijua kusoma kwa ufasaha alipofika darasa la tatu.

Kijitabu hiki kimeandikwa ili kikao hicho kianze mapema, na kianze na maswali yanayofaa. Wazazi wengi huuliza kwanza shule ni ya aina gani: ya serikali au ya binafsi, ya Kiswahili au ya Kiingereza, ya kutwa au ya bweni. Maswali hayo yana nafasi yake, na yamejibiwa humu. Lakini ndani ya kila aina zipo shule nzuri na zipo dhaifu, tena wakati mwingine zimetenganishwa na uzio tu. Anayeangalia aina peke yake anakuwa amechagua bango, hajachagua shule.

Shule zilizopo na njia za kuingia

Kwa elimu ya msingi, mzazi wa Morogoro ana milango mitatu. Wa kwanza ni shule ya msingi ya serikali inayofundisha kwa Kiswahili, ile ambayo mitaani huitwa "Kayumba". Wa pili ni shule za binafsi za mchepuo wa Kiingereza, "inglishi midiamu", ambazo zimeongezeka sana mjini. Wa tatu ni mwembamba: shule za serikali zinazofundisha kwa Kiingereza, kama zilivyo kwa miaka mingi Olympio na Diamond za Dar es Salaam, ambako wazazi huchangia gharama ingawa shule ni ya umma.

Kwa sekondari milango inaongezeka. Zipo shule za kata za kutwa, zilizoenea nchi nzima kupitia Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulioanza 2004. Zipo shule za bweni za serikali, shule za ufundi kama Ifunda ya Iringa, na shule za wanafunzi wenye ufaulu wa juu kabisa. Zipo shule za wasichana za sayansi, ambazo serikali ilipanga kujenga moja kwa kila mkoa kupitia mradi wa SEQUIP. Upande wa taasisi za dini, Morogoro ina utajiri mkubwa: seminari za Kikatoliki, Seminari Ndogo ya Kilutheri, shule za masista na shule za Kiislamu, kila moja na utaratibu wake wa usaili.

Tofauti kubwa iko katika namna ya kuingia. Shule ya binafsi au ya dini huombwa, mtoto akafanya usaili. Shule ya serikali ya bweni haiombwi. Mtoto hupangwa na TAMISEMI kwa matokeo ya mtihani wa kumaliza elimu ya msingi, ambao kwa masomo sita ya alama 50 kila moja unafikisha jumla ya alama 300. Hakuna wa kumlipa wala wa kumpigia simu ili jina liingie kwenye orodha, na anayedai fedha kwa kazi hiyo ni tapeli.

Mzumbe na Kilakala

Nchini Tanzania orodha ya shule zinazoitwa za vipaji maalumu ni fupi: Ilboru ya Arusha, Kibaha ya Pwani, Msalato ya Dodoma, Tabora Wavulana na Tabora Wasichana, Mzumbe na Kilakala. Katika orodha hiyo ni mikoa miwili tu, Tabora na Morogoro, yenye shule ya wavulana na ya wasichana pia. Mzumbe iko wilaya ya Mvomero, upande wa barabara kuu iendayo Iringa, jirani na Chuo Kikuu cha Mzumbe. Kilakala iko manispaa ya Morogoro, chini ya miteremko ya Uluguru.

Marekani nao wana shule za umma zinazovuta wanafunzi kutoka mbali kwa ubora wa masomo fulani. Ya kwanza kutambuliwa hivyo ilikuwa McCarver katika mji wa Tacoma, mwaka 1968, na shabaha yake ilikuwa kuwachanganya watoto weusi na weupe waliokuwa wametengwa kwa mitaa. Shule zetu za vipaji nazo zina sura ya kuchanganya: nafasi hugawanywa ili kila mkoa na halmashauri ipeleke watoto wake, hivyo binti wa Tchenzema hukaa dawati moja na binti wa Kagera na wa Mtwara. Kwa sababu ya mgao huo, mtoto wa halmashauri ya pembezoni hashindani na nchi nzima. Anashindana kwanza na wenzake wa halmashauri yake.

Kilakala ina historia inayofaa kujulikana na kila mzazi. Katika miaka ya 1950 masista wa Maryknoll kutoka Marekani walianzisha hapo Marian College, sekondari ya wasichana wakati ambapo nchini sekondari za wasichana zilikuwa za kuhesabu. Enzi hizo shule nyingi za misheni zilipokea ruzuku ya serikali huku zikiendeshwa na kanisa. Sheria ya Elimu ya 1969 iliipa serikali mamlaka ya kuzichukua, na Marian College ikawa Kilakala, shule ya umma isiyobagua dini.

Utaratibu ule wa zamani, wa serikali kulipa na taasisi nyingine kuendesha, ndio unaofanana zaidi na shule za mkataba za Marekani, zilizoanza kwa sheria ya jimbo la Minnesota ya 1991. Uganda iliujaribu kwa sura yake kuanzia 2007: serikali ililipa shule za binafsi shilingi 47,000 za huko kwa kila mwanafunzi kwa muhula, ili zipokee watoto wa sekondari bila ada, kisha ikausitisha mpango huo kuanzia 2018. Tanzania ya leo haina mfumo wa namna hiyo. Mzazi anayeambiwa kwamba shule fulani ya binafsi "inalipiwa na serikali" aende ofisi ya elimu ya halmashauri akaulize kabla ya kutoa hata shilingi.

Kwa mzazi anayeota Mzumbe au Kilakala, la kufanya liko katika shule ya msingi ya sasa. Watoto wengi wanaopata nafasi hizo wametoka katika shule za kawaida za serikali, wakiwa wamesoma kwa bidii, wamehudhuria kila siku, na nyumbani walipewa muda na taa ya kusomea.

Kiswahili au Kiingereza darasani

Hili ndilo swali linalogawa familia nyingi za mjini. Hoja ya wanaopenda inglishi midiamu inaeleweka: sekondari hufundishwa kwa Kiingereza, na mtoto aliyetoka Kayumba hukutana kidato cha kwanza na vitabu vya biolojia na jiografia katika lugha aliyoijua kama somo tu. Wengi huyumba mwaka mzima. Wengine hawasimami tena.

Lakini hoja ya pili ina uzito uleule. Mtoto hujifunza kusoma kwa wepesi zaidi katika lugha anayoielewa. Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa, na mtoto anayefundishwa vizuri huweza kuunganisha silabi na kusoma sentensi ndani ya darasa la kwanza. Akishajua kusoma, ujuzi huo huuhamishia kwenye lugha nyingine. Mtoto anayekariri maneno ya Kiingereza asiyoyaelewa, akifundishwa na mwalimu ambaye mwenyewe anababaika katika lugha hiyo, anaweza kufika darasa la nne akiwa na sare nadhifu na hajui kusoma lugha yoyote.

Kwa hiyo kinachopimwa ni Kiingereza cha mwalimu. Mzazi akifika shuleni, hata kama yeye mwenyewe hakijui, amchukue ndugu au jirani anayekijua, waketi nyuma ya darasa dakika 20. Wasikilize: je, mwalimu anaeleza na watoto wanajibu kwa sentensi zao, au darasa zima linaitikia kwa pamoja neno la mwisho la kila sentensi? Wakati wa mapumziko, je, watoto wanakitumia hicho Kiingereza kudaiana mpira?

Kwa mtaala ulioanza kutumika Januari 2024, Kiingereza ni somo kuanzia darasa la kwanza hata katika shule zinazofundisha kwa Kiswahili. Mzazi wa Kayumba ana haki ya kuuliza nani anakifundisha, na mara ngapi kwa wiki. Hadithi nyepesi za Kiingereza na dakika chache za kusoma kila jioni tangu darasa la tatu hupunguza sana mshtuko wa kidato cha kwanza.

Umbali, milima na bweni

Mjini, umbali hupimwa kwa nauli. Nauli ya mwanafunzi kwenye daladala iliyopangwa na LATRA ni shilingi 200, lakini kila mzazi wa Morogoro anajua kwamba konda wa asubuhi huwakwepa wanafunzi. Mtoto anayebadilisha gari mara mbili kwenda shule "nzuri" anaweza kufika amechelewa na amechoka, na jioni akarudi gizani.

Milimani umbali hupimwa kwa miteremko. Katika vijiji vya Kinole, Tegetero, Kibungo Juu au Bunduki, shule inayoonekana ng'ambo ya bonde inaweza kuwa safari ya saa nzima: kushuka mpaka mtoni, kuvuka, kupanda. Masika ya Machi hadi Mei udongo huteleza na vijito hufurika. Mzazi anayechagua shule Januari jua likiwaka aitembee njia hiyo kwa miguu yake, kwa mwendo wa mtoto, na ajiulize itakuwaje Aprili. Kwa msichana wa sekondari swali ni zito zaidi, kwa sababu njia ndefu yenye vichaka na bodaboda wanaotoa "lifti" imewakatiza wengi masomo.

Baadhi ya familia hutatua kwa kumpangishia mtoto chumba karibu na shule, na watu hukiita geto. Mtoto wa miaka 14 anayejipikia na kulala peke yake hana anayemwangalia. Hosteli ya shule, hata ikiwa duni, au ndugu anayeaminika anayeishi jirani, ni salama zaidi. Wanajamii wa kata kadhaa nchini wamejenga hosteli kwa nguvu zao, na kamati ya maendeleo ya kata ndiyo mahali pa kuanzia hoja hiyo.

Kwa watoto wadogo, serikali imeweka mstari. Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka 2023 ulipiga marufuku bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, ila kwa kibali maalumu cha Kamishna wa Elimu. Sababu ni malezi: mtoto wa umri huo anahitaji mzazi wa kumkagua mwilini, kumsikiliza na kumjua. Shule inayompokea kimyakimya mtoto wa darasa la pili bwenini inavunja waraka huo, na inayoficha hilo inaweza kuficha mengine.

Gharama yote, mpaka mwisho

Tangu Januari 2016, kwa Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015, elimu ya awali, msingi na sekondari hadi kidato cha nne katika shule za serikali haina ada. Kidato cha tano na cha sita vilifuata mwaka 2022. Serikali hupeleka ruzuku iliyopangwa kwa kiwango cha shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka na shilingi 25,000 kwa wa sekondari. Ni wazi kwamba kiasi hicho hakimalizi mahitaji. Sare, madaftari, kalamu, nauli na chakula vimebaki kwa mzazi. Michango mingine ni ya makubaliano na sharti ipate kibali cha mamlaka za wilaya, na mtoto harudishwi nyumbani kwa sababu mzazi wake hajachanga.

Upande wa shule za binafsi, ada iliyotajwa langoni ni mwanzo wa hesabu. Mzazi aombe fomu ya kujiunga na asome mpaka ukurasa wa mwisho, ambako mara nyingi ndiko yaliko mambo: basi la shule, chakula, sare mbili na za michezo, vitabu, mitihani ya majaribio, kambi ya darasa la mtihani, mahafali. Kwa bweni kuna godoro, shuka, chandarua, ndoo, fyekeo, rimu za karatasi na tranka lenye kufuli.

Kisha azidishe. Tuseme gharama zote ni shilingi milioni moja kwa mwaka, na nyumba ina watoto watatu: kwa miaka sita ya msingi ni milioni 18, kabla ya sekondari. Kwa mkulima wa kabichi na njegere wa Mgeta, ambaye bei ya gunia hubadilika kati ya wiki na wiki, swali ni kama mwaka mbaya ukija mtoto atabaki shuleni. Kumtoa mtoto inglishi midiamu darasa la tano na kumrudisha Kayumba kunawezekana, lakini humwumiza: lugha inabadilika, marafiki wanabadilika, na mara nyingi hukaa wiki kadhaa nyumbani akisubiri uhamisho. Familia yenye kipato cha kupanda na kushuka inaweza kupata faida kubwa zaidi kwa kumweka mtoto shule ya serikali iliyo jirani, kisha fedha kidogo ikaenda kwenye uji wa asubuhi, vitabu vya hadithi na miwani kama anaihitaji.

Kusoma matokeo bila kudanganyika

Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA, huweka matokeo ya kila shule hadharani. Tangu Januari 2023 baraza liliacha kutangaza shule kumi bora na wanafunzi kumi bora, baada ya orodha hizo kugeuka matangazo ya biashara. Matokeo yenyewe bado yapo, na mzazi mwenye simu ya intaneti, au kijana wake, anaweza kuyasoma.

Ukurasa wa kidato cha nne wa shule moja unaonyesha namba ya kila mtahiniwa, jinsia, jumla ya pointi, daraja na alama ya kila somo. A ni pointi 1 na F ni pointi 5, zikijumlishwa kwa masomo saba aliyofanya vizuri zaidi. Daraja la kwanza ni pointi 7 hadi 17, la pili 18 hadi 21, la tatu 22 hadi 25, la nne 26 hadi 33, na sifuri ni 34 na 35.

Jicho la kwanza huenda kwenye daraja la kwanza. La pili linapaswa kwenda kwenye idadi ya watahiniwa. Chukua mfano wa shule mbili za kubuni. Ya kwanza ina watahiniwa 40 na wote wamepata daraja la kwanza hadi la tatu. Ya pili ina 160, na waliofikia madaraja hayo ni 90. Kwa haraka ya kwanza imeshinda. Sasa mzazi afungue matokeo ya upimaji wa kidato cha pili wa shule hizohizo miaka miwili nyuma. Akikuta ile ya kwanza ilikuwa na wanafunzi 75 na ya pili 165, picha inageuka: shule ya kwanza imepoteza 35 njiani. Huenda baadhi walihama kwa hiari. Lakini zipo shule zinazowachuja wasiofikia wastani wa shule, zikawakaririsha au kuwaambia wazazi wawahamishe, jambo ambalo serikali imelikataza mara kadhaa. Mzazi mwenye mtoto wa kawaida aulize swali hilo waziwazi: mtoto akishuka, shule hii humfanya nini?

Jicho la tatu liende kwenye masomo. Binti anayependa uuguzi anahitaji shule ambayo wasichana wake wanafaulu biolojia na kemia, na safu ya jinsia ipo hapohapo kwenye ukurasa. Jicho la nne liangalie miaka mitatu mfululizo, kwa sababu mwaka mmoja unaweza kuwa wa bahati, na shule hubadilika walimu wakihama.

Mkondo wa amali

Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, iliyozinduliwa Dodoma Januari 2025, imebadilisha ramani. Elimu ya lazima sasa ni miaka kumi: sita ya msingi na minne ya sekondari. Kuanzia kidato cha kwanza kuna mikondo miwili, wa jumla na wa amali, ambapo mwanafunzi wa amali husoma masomo ya kawaida pamoja na fani kama kilimo, ufundi au ushonaji. Kwa mpango uliopo, mwaka 2027 darasa la sita la mtaala mpya na darasa la saba la mtaala wa zamani watamaliza pamoja, kwa hiyo Januari 2028 makundi mawili yataingia kidato cha kwanza kwa mara moja. Mwenye mtoto katika madarasa hayo aanze kujipanga sasa.

Bado wapo wazazi wanaoona amali ni ya walioshindwa. Morogoro ina ushahidi wa kuwatoa katika fikra hiyo. Pale Mazimbu, kwenye lililokuwa shamba la mkonge, chama cha ANC cha Afrika Kusini kiliendesha tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 chuo kilichopewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na makaburu Pretoria, Aprili 1979. Watoto wa wapigania uhuru walisoma hapo tangu chekechea mpaka sekondari, na hisabati na sayansi zilikwenda sambamba na shamba, mifugo na karakana. Mwaka 1992 chuo kilikabidhiwa Tanzania, na leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Majengo yapo, na mzazi anaweza kumpeleka mwanawe akayaone.

Leo Kihonda kuna chuo cha VETA pamoja na chuo cha walimu wa ufundi stadi. Shule inayojitangaza kuwa na mkondo wa amali ikaguliwe kwa macho: karakana iko wapi, vifaa vinatosha wanafunzi wangapi kwa wakati mmoja, na mwalimu wa fani ni fundi aliyesomea kazi hiyo au mwalimu wa somo lingine aliyeazimwa?

Mtoto aliyetoka shuleni, na mwenye ulemavu

Mtoto aliyekosa shule au kuiacha njiani bado ana njia. MEMKWA, mpango wa elimu ya msingi kwa walioikosa, ulianza kwa majaribio 1999 na huwasaidia watoto waliopita umri kumaliza masomo kwa muda mfupi, kisha wenye uwezo wakajiunga na mfumo wa kawaida. Aliyeacha sekondari anaweza kusoma kupitia Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima na kufanya Mtihani wa Maarifa, akaendelea hadi kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Tangu Novemba 2021 msichana aliyejifungua anaruhusiwa kurudi katika shule ya kawaida. Kwa anayependa ujuzi wa mikono kipo Chuo cha Maendeleo ya Wananchi Bigwa, mojawapo ya vyuo 54 vya aina hiyo nchini. Mpango wa Elimu Haina Mwisho, unaotumia vyuo hivyo, huwapokea wasichana waliokatizwa masomo, pamoja na watoto wao wachanga.

Kwa mtoto mwenye ulemavu, hatua ya kwanza ni upimaji, na afisa elimu maalumu wa halmashauri ndiye anayeupanga. Matokeo yake ndiyo yanayoonyesha kama atasoma shule ya kijijini yenye elimu jumuishi, kitengo maalumu ndani ya shule ya kawaida, au shule ya bweni kama Buigiri ya Dodoma kwa wasioona. Mtoto anayeitwa "mzito" huenda hasikii vizuri au haoni ubao. Kumhamisha shule kabla hajapimwa ni kumzungusha bure.

Siku ya kuitembelea shule

Hakuna kinachozidi kwenda. Mzazi achague siku ya kawaida ya masomo, asubuhi, bila kusubiri siku ya wazazi. Aanze na usajili: shule ya msingi ina namba inayoanza na EM na sekondari ina namba inayoanza na S, na ofisi ya Uthibiti Ubora wa Shule ya wilaya inaweza kuthibitisha kama namba hiyo ni ya kweli.

Kisha aombe kuona madaftari matatu ya darasa la pili: la mtoto anayeongoza, la wa katikati na la anayehangaika. Madaftari hayo yana mengi ya kusema. Ikiwa yote matatu yana sentensi zilezile, neno kwa neno, na tiki nyekundu chini ya kila ukurasa, watoto wananakili ubaoni na mwalimu anatia sahihi. Lakini kama katika lile la katikati mtoto ameandika mwenyewe, "Leo bibi amekwenda soko la Kingalu kuuza ndisi," na mwalimu amezungushia neno la mwisho na kuandika pembeni "ndizi", na mstari unaofuata mtoto amelirudia sawasawa, hapo kuna mwalimu anayefundisha. Tarehe nazo zisomwe. Wiki tatu bila kazi mpya zina maelezo yake, na mzazi ana haki ya kuyaomba.

Aangalie vyoo, na aende mpaka vya wasichana: kuna maji, mlango unafungwa, kuna mahali pa kujisitiri siku za hedhi? Aulize watoto wanakula nini mchana. Aulize kuhusu viboko, kwa kuwa kanuni za 2002 zinataka visizidi vinne, vitolewe kwa idhini ya mkuu wa shule na viandikwe kitabuni. Aombe kuona kitabu hicho. Aulize walimu wangapi wameondoka mwaka uliopita.

Baadaye, akiwa langoni, awasikilize watoto wanaotoka. Wanavyomzungumzia mwalimu wao wakiwa peke yao ni taarifa ambayo haipo kwenye kipeperushi chochote.

Kipimo kimoja kinafanyika nyumbani, na hakina gharama. Tangu 2010 tafiti za Uwezo, zilizoanza chini ya shirika la Twaweza, zimetumia hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili kupima watoto majumbani, na zimeonyesha mwaka baada ya mwaka kwamba wengi wanavuka darasa la tatu bila kuimudu. Mzazi anaweza kufanya vivyo hivyo: achukue kitabu cha darasa la pili ambacho mtoto hajakisoma, amwombe asome kwa sauti, kisha amwulize maswali mawili juu ya alichosoma. Asiyejua kusoma mwenyewe amwite mtoto mkubwa wa jirani. Mtoto wa darasa la tatu akikwama, aende kwa mwalimu wa darasa wiki hiyohiyo, na shule ionyeshe itafanya nini.

Pa kuuliza na pa kulalamika

Mwalimu wa darasa ndiye wa kwanza, kisha mwalimu mkuu au mkuu wa shule. Suala lisipokwisha, shule ya msingi ina kamati ya shule na sekondari ina bodi, na wazazi wana wajumbe wao humo. Hatua inayofuata ni Afisa Elimu Kata, halafu idara ya elimu ya halmashauri: Manispaa ya Morogoro, Morogoro Vijijini, Mvomero, na kila halmashauri nyingine ya mkoa. Masuala ya ubora wa ufundishaji, usajili na mabweni yasiyo na kibali yapelekwe Uthibiti Ubora. Ukatili kwa mtoto, uwe wa nyumbani, njiani au shuleni, utolewe taarifa polisi kwenye dawati la jinsia na watoto, au kwa simu ya bure ya huduma kwa mtoto, namba 116.

Kwa mwaka wa masomo unaoanza Januari, ziara za shule zifanyike kuanzia Julai, kabla foleni za usaili hazijaanza. Cheti cha kuzaliwa cha mtoto kitafutwe RITA mapema, kwa kuwa shule nyingi hukitaka wakati wa kuandikisha awali na darasa la kwanza. Mtihani wa kumaliza msingi hufanyika Septemba na uchaguzi wa kidato cha kwanza hutangazwa Desemba. Mtoto akipangiwa shule ya mbali, fomu ya kujiunga ichukuliwe siku zilezile, ili nafasi yake isipotee kwa kuchelewa kuripoti.